Pumzi ya Bi Ashura

Kwanza ulikuja mdundo. Ulikuja kwa chini, ukipitia sakafu ya saruji, ukamfikia Laila magotini kabla haujamfikia masikioni. Juu ya mdundo ikapanda saksafoni, polepole, kama mtu mzima anayepanda ngazi akiwa na neno la kusema. Kisha, kila baada ya mapigo manne, pumzi. Pumzi ya mwanamke aliyevuta hewa akakwama nayo. Hhh. Mapigo manne. Hhh. Mapigo manne. Hhh.

Mkasi ukamponyoka Laila mkononi.

Alikuwa amepiga magoti nyuma ya duka la shangazi yake, katikati ya majora ya vitambaa, mgongo ameupa mlango. Hakuwa ameona chochote wala mtu yeyote. Lakini pumzi ile aliijua. Ndiyo iliyomlaza utotoni, ndiyo iliyompulizia chai kikombeni, ndiyo iliyomsomea dua alipokwenda kufanya mtihani. Maneno yalipoanza, midomo yake iliyafuata bila sauti:

*Taa umezima, bwana, mafuta yangali mumo,*
*Nimelala nalo jina, kitanda kina kipimo.*

"Mama," akasema Laila, peke yake kati ya vitambaa.

Akatoka mbio. Ng'ambo ya barabara, muuza kanda mmoja, jibaba lenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, alikuwa ameitoa spika yake nje na kuielekeza mjini kote. Watu wawili waliokuwa wakimngoja fundi viatu walikuwa wakicheza wameketi. Kila pumzi ilipofika, mmoja alijishika kifua, akalegeza shingo, akavuta hewa kwa madaha, na mwenziwe akacheka hadi machozi.

"Siste, hiyo ni moto!" muuza kanda akamwambia. "Ya hapa hapa Kakamega. Si Kongo, si Ulaya. Ngoja, ngoja, sikia hapo... hhh! Hapo watu wanarukanga!"

"Anayeimba ni nani?"

"Si imeandikwa? Huyu kijana si mwizi kama wale wengine. Ameandika kila kitu."

Akampa jalada. Laila alilifahamu kabla hajalishika. Alikuwapo siku Osundwa, fundi redio aliyeitengeneza albamu hiyo, alipolichora: mawingu meusi juu ya paa za mabati, na jina la albamu, *Mvua ya Saa Tisa*. Nyimbo tisa. Katika nne kati ya hizo Laila mwenyewe aliimba, na jina lake halikuandikwa popote, kwa kuwa alimwomba Osundwa asiliandike. Akageuza upande wa pili. Macho yakashuka hadi wimbo wa sita.

*Taa. Sauti na maneno: Bi Ashura wa Mumias. Imerekodiwa Mumias, Machi 1998, na Osundwa.*

Alisoma mara moja tu. Mara moja ilitosha.

Baba yake, Mzee Osman, alifariki wiki moja baada ya Idi, mwanzoni mwa mwezi wa pili. Tangu siku ile Bi Ashura aliingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo isiyo na nakshi, bila wanja, bila manukato, bila kuonana na mwanamume asiye maharimu wake. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Mumias nzima ilikuwa ikizihesabu pamoja naye, wengine kwa huruma, wengine kwa kazi yao ile ile ya kuwahesabia wenzao.

Mwezi wa tatu Laila alikwenda nyumbani kumsalimu. Mkobani alikuwa na kinasa sauti kidogo alichopewa na Osundwa ili afanyie mazoezi ya nyimbo zake. Alasiri hiyo alimsikia mama yake akiimba chumbani kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayejua hasikilizwi. Laila aliketi chini kando ya pazia, akakisukuma kile chombo hadi ukingoni, akabonyeza. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu sauti ile isipotee kama ilivyopotea ya baba.

Kosa halikuwa hapo. Kosa lilikuwa kumpa Osundwa asikie. "Sikiliza tu," alimwambia, "kisha unirudishie." Osundwa alikaa na kanda hiyo siku moja, akairudisha imefungwa kwenye leso kama kitu kitakatifu. Laila hakujua kwamba alichorudishiwa kilikuwa nakala, na kwamba ile asili ilibaki chumbani kwa Osundwa, mtaa wa Amalemba.

Alikwenda Amalemba kwa miguu, jalada mkononi.

Chumba cha Osundwa kilijaa redio za watu, zilizofumuliwa matumbo. Ukutani kulikuwa na kinanda cha umeme, mashine ya ngoma iliyofungwa kwa utepe mweusi, na rekoda kubwa ya kanda aliyoifufua mwenyewe baada ya mafundi watatu kuisomea hitima. Kwenye msumari zilining'inia simu za masikioni za kusikilizia muziki. Mwaka mzima uliopita walizigawana, sikio moja lake, sikio moja la Laila, mashavu yakikaribiana bila kugusana, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusogea.

Mzee Titus alikuwapo, ameketi juu ya debe, akiifuta saksafoni yake. Alizipigia bendi za hoteli miaka ishirini, na sasa mapafu yake yalimtosha nyimbo mbili kwa siku.

"Mulembe, binti," akasema. "Ingia."

Laila aliipita salamu hiyo. Osundwa alikuwa ameshasimama, macho yanawaka.

"Umesikia! Niambie umesikia. Spika ya yule jamaa ni mbovu, besi inakohoa, lakini umesikia!"

Laila aliliweka jalada juu ya kinanda. "Soma."

"Niliandika mwenyewe, nisome nini?"

"Soma kwa sauti. Wimbo wa sita."

Osundwa alisoma, tena kwa fahari, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele kwa sababu ameshinda. Alipofika "Machi 1998" Laila akamkatiza.

"Baba alizikwa mwezi gani?"

"Wa pili. Si nilikuja? Nilisimama kule makaburini nikiwa nimevua kofia, na watu wakaniangalia kwa sababu wao walikuwa wamevaa."

Siku nyingine Laila angecheka. "Na mwezi wa tatu mama alikuwa wapi?"

"Nyumbani. Ulisema hatoki. Nilidhani ni mgonjwa."

"Alikuwa eda, Osundwa. Yumo eda mpaka leo. Mjane hakai na mwanamume asiye maharimu. Hata mkwe mtarajiwa. Hata daktari huingia na mtu. Sasa soma maneno mawili ya mwisho."

Osundwa alitazama jalada. Kitambaa cha Mzee Titus kilisimama juu ya shaba.

"Soma."

"'Na Osundwa.'"

"Na Osundwa," Laila akarudia. "Mwanamume. Na mashine. Chumbani kwa mjane, mume wake hajamaliza siku arobaini kaburini. Umeweka na mwezi. Umebakisha kupiga muhuri."

"Lakini si kweli! Mimi sijawahi kuukanyaga ua wa kwenu, hata siku ya mazishi!"

"Mimi najua. Wewe unajua. Jalada linajua?"

Osundwa alipiga hatua mbili, chumba kikaisha, akageuka. "Laila, sikiliza. Wenzangu wanaiba. Mtu anachukua sauti ya bibi fulani kijijini, anaitia kwenye disko, anaandika jina lake mwenyewe. Mimi niliapa sitakuwa hivyo. Niliandika la Mzee Titus. Niliandika hata la yule aliyeniazima waya. Mama yako ni mshairi! Ile mistari miwili inashinda yote niliyoandika mimi tangu nijifunze kuhesabu mizani. Ningeinyamazia? Nilidhani aibu ni mtu kutotajwa."

"La kwangu hukuliandika."

"Uliniomba."

"Niliomba kwa sababu uliniuliza. Mama ulimuuliza lini?"

Nje mtu alikuwa akimwita fundi aje aseme redio yake imepona au imekufa.

"Utoe wimbo huo," Laila akasema.

"Nitoe?"

"Utoe."

"Laila, ule ndio nguzo. Zile nane nyingine zimeuegemea. Ukiutoa, paa linaanguka." Akajaribu kutabasamu. "Na hata nikiutoa, kanda zimeshakwenda. Kisumu, Bungoma, Eldoret. Pale Lubao kuna mtu anazinakili tayari, hata ruhusa hakuniomba!" Hilo la mwisho alilisema kwa hasira, lakini ndani ya hasira mlijificha furaha. Laila akaiona, na akatamani asingaliiona.

"Ile pumzi uliikata wapi?" akauliza polepole.

Uso wa Osundwa ukafunguka. Hili alilijua. Hili alikuwa na majibu yake. "Kabla ya neno 'kipimo'. Ni kidogo sana, haifiki hata sekunde. Nilikesha nayo siku nne. Nilipoiweka juu ya ngoma, kila baada ya mapigo manne, nywele zilinisimama. Muulize Mzee. Ngoma zote za duniani zinapigwa kwa mikono, Laila. Hii ya kwangu inapumua."

"Mama alikuwa analia pale."

"Najua! Ndiyo maana ni nzuri!"

Neno lilishatoka. Osundwa mwenyewe alilisikia likianguka, akainua mkono kama mtu anayeweza kulidaka hewani. Mzee Titus aliinamisha kichwa.

"Kijana wangu," mzee akasema, "mimi nilipiganga muziki kwa walevi, kwa wezi, na kwa waume wa watu. Lakini kila niliyelia naye kwenye saksafoni, nilijua analia nini. Hapa uliniambia ni mama mmoja anaimba tu. Hukuniambia nampigia mjane msibani."

"Mzee, na wewe?"

"Na mimi."

Osundwa akamgeukia Laila. Ile fahari ilikuwa imemshuka mabegani, na macho yake yakawa ya yule kijana wa simu za masikioni. Akasogea karibu kuliko walivyowahi kusogeleana. "Nakuja Mumias. Leo hii. Nitamwambia baba yako mdogo kila kitu. Nitamwambia nakupenda, na kwamba eda ikiisha tu naleta wazee wetu kutoka Kabras."

"Usije."

"Laila..."

"Mtu ambaye jina lake liko kwenye jalada akionekana leo mlangoni kwa mama, watasema amezoea njia. Ukinipenda, usije."

Akatoka. Hakugeuka nyuma, maana alijijua. Angegeuka, angerudi.

* * *

Alifika Mumias saa nane na nusu. Viatu alivyoviona mlangoni vilimwambia yote: viatu vya baba yake mdogo, Abdulnasir, vimepangwa sambamba kama mtu aliyekuja kuamua neno. Ndani, juu ya meza, kando ya msahafu uliofungwa, palikuwa na kanda. Mawingu meusi juu ya paa za mabati.

"Assalaam aleikum," akasema Laila.

"Waaleikum salaam. Kaa." Abdulnasir hakuwa mtu wa kelele, na Laila angependa awe na kelele. Alikuwa na sura ya marehemu kaka yake, ila bila kicheko. "Nimeletewa hii tulipotoka kuswali adhuhuri. Aliyenipa aliona haya kunitazama. Ameniambia, 'Sheikh, haya ni ya nyumbani kwako.' Nikaisoma nikiwa nimesimama, na watu wananitazama nikisoma."

Upande wa pili wa pazia kulikuwa na chumba cha eda. Bi Ashura alikuwamo. Laila aliviona vyema vidole vya miguu yake chini ya upindo, vimetulia.

"Shemeji," Abdulnasir akaliambia pazia, "mimi nilimbeba kaka yangu kwa mabega haya. Nakuuliza kwa heshima. Huyu Osundwa ni nani? Na aliingia nyumba hii kwa idhini ya nani?"

"Simjui," ikasema sauti ya Bi Ashura.

"Sauti si yako?"

"Sauti ni yangu. Maneno ni yangu. Huyo mtu simjui."

"Kwa hiyo mashine ilikuja yenyewe, ikaketi, ikakusikiliza."

"Baba," Laila akasema, "mashine niliileta mimi."

Abdulnasir alimgeukia. "Unamkinga mama yako. Ni vizuri. Lakini usimkinge kwa uongo."

"Si uongo. Nilikaa hapo, hapo pazia linapogusa sakafu. Mama hakujua. Nilirekodi, kisha nikampa huyo mtu asikie. Kwa sababu nampenda. Mwaka mzima sasa. Na mimi pia nimo kwenye kanda hiyo, nimeimba nyimbo nne. Sasa mmejua yote."

Vidole chini ya pazia vilisogea mara moja.

"Na ushahidi?" baba mdogo akauliza, taratibu, kama anayetaka kwa dhati kupewa. "Mimi nikikuamini, Laila, nitawaambia nini wale? Kwamba binti amesema? Wao wana maandishi."

Mvua ya saa tisa ikaanza kugonga mabati, matone makubwa, kwanza moja moja kisha yote kwa pamoja. Katika mshindo ule hawakusikia hodi. Walimwona tu mtu amesimama barazani, amelowa chapachapa, ameshikilia mfuko wa plastiki kifuani kama mtoto mchanga.

"Hodi wenyewe. Mimi naitwa Osundwa."

Laila alifumba macho.

Abdulnasir aliinuka. "Subhanallah. Na njia umeijuaje?"

"Sikuijua. Nimemuuliza wa bodaboda pale stendi nyumba ya marehemu Mzee Osman, hakuelewa. Nikamuonyesha jalada." Sauti yake ikapungua. "Akasema, 'Aa, kwa yule mama wa kanda!' Akanileta moja kwa moja."

Hakuna kofi ambalo lingeumiza nyumba ile kuliko jibu hilo. Osundwa alilijua, kwa sababu hakuvuka kizingiti wala hakujikinga na mchirizi uliokuwa ukimwagikia bega.

"Laila aliniambia nisije," akasema. "Nimekuja kwa sababu nina kitu. Kanda ya asili, ile ya kwanza kabisa, kabla sijakata chochote. Ipigeni. Halafu mnifukuze."

Laila aliipokea kwa ncha za vidole, akaitia kwenye redio ya baba yake iliyokuwa kabatini, haijaguswa tangu mazishi. Ikakwaruza. Kisha, karibu kabisa, ikanong'ona sauti yake mwenyewe: "Bismillahi." Kisha mbali, nyuma ya kitambaa, Bi Ashura akiimba, akaacha.

"Laila? Ni wewe hapo mlangoni?"

"Ni mimi, mama. Natafuta sandali zangu."

"Nyumba nzima peke yangu na bado unanyata kama paka. Nenda kale, chakula kimo jikoni."

Na baada ya muda, kwa mwanamke aliyedhani mwanawe ameondoka, wimbo ukaanza upya.

Waliisikiliza hadi mwisho. Abdulnasir aliizima redio mwenyewe. Alikwenda hadi karibu na pazia, akasimama kama mtu anayesimama mbele ya hakimu.

"Shemeji, nimekukosea. Mbele ya mwanao na mbele ya mgeni huyu, nisamehe."

"Nimekusamehe. Ungekuwa kimya ningekuona hukumpenda ndugu yako."

"Nitawaeleza msikitini. Lakini..." Akaiangalia ile kanda nyingine mezani. "Sokoni hawatasikia hii ndogo. Watasikia ile."

"Hata mimi sijaisikia," akasema Bi Ashura. "Ipigwe."

"Shemeji, nyumba ina eda."

"Soko zima limeisikia eda yangu, mwenyewe ndiye nikatazwe? Piga, Laila."

Laila aliipiga. Mdundo ukajaa chumbani, saksafoni ikapanda, na mvua juu ya mabati ikaingia kama chombo cha tatu. Hhh. Mapigo manne. Hhh. Osundwa kule barazani aliangalia miguu yake. Laila alimtazama, na ajabu ya moyo, alimpenda pale kuliko siku zote: mkavu wa maneno, maji yakimtiririka kidevuni, mtu aliyetengeneza kitu kizuri na sasa anakiogopa. Alimpenda na hakumwonea huruma. Hakuwahi kujua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya kifua kimoja.

Kanda ikaisha.

"Ni nzuri," akasema Bi Ashura. "Hilo ndilo linaloniuma. Ingekuwa mbaya ningeisahau. Huyo anayepiga tarumbeta ni nani?"

"Ni saksafoni, mama," Osundwa akajibu kwa sauti iliyokatika. "Anaitwa Mzee Titus."

"Mwambie ameniliza vizuri. Na wewe kijana, ile pumzi. Unajua nilikuwa naona nini pale?"

"Hapana, mama."

"Viatu vyake. Viko chini ya kitanda mpaka sasa. Nilikuwa naimba, nikainama, nikaviona vinanitazama. Neno likagoma kutoka. Sasa watu wanaruka juu ya viatu vya mume wangu. Wanacheka?"

Laila akajibu, kwa kuwa uongo ulikuwa umekwisha katika nyumba ile. "Wanacheka, mama. Wanaigiza."

"Haya."

Neno hilo moja tu. Halikuwa na laana, na Osundwa angeshukuru laana. Akapiga magoti pale pale barazani, katika maji.

"Mama, nitazikusanya zote. Nitakwenda Lubao, nitakwenda Bungoma, Kisumu, mlango kwa mlango. Nitautoa wimbo. Na jina lako limesafika leo, baba amesikia kwa masikio yake. Kwa hiyo mbele yenu nyote nasema, eda ikiisha nitaleta wazee. Nampenda Laila. Msinihukumu kwa pumzi moja."

Abdulnasir akamgeukia Laila, akamwachia neno. Hilo Laila hakulitarajia. Miezi yote aliogopa kwamba baba mdogo atasema "huyu si wa dini yetu", na alikuwa ameandaa majibu, mengine hata kwa vina. Sasa hakuna aliyemkataza. Mlango ulikuwa wazi, na mtu wake amepiga magoti nje yake.

Mvua ilianza kulegea, kama inavyolegea ghafla katika nchi ile. Na mvua ilipolegea, kutoka kwenye kibanda cha barabarani, mbali, ukaja mdundo. Laila aliusikia kwa miguu kwanza. Aliona kwamba Osundwa naye ameusikia, na kwamba kwa nusu ya nukta, kabla hajakumbuka, kichwa chake kiliuitikia.

Nusu ya nukta tu, haifiki hata sekunde. Lakini Laila naye alikuwa mtu wa kujua urefu wa vitu kama hivyo.

"Osundwa, inuka," akasema. "Utaugua."

Akamtazama mara moja, kwa macho yote aliyokuwa nayo, kama mtu anayefunga nyumba anayejua hatarudi karibuni. Kisha akamgeuzia mgongo, akaenda kuketi sakafuni, pale pale pazia linapogusa chini, pale alipoketi mwezi wa tatu. Akautia mkono chini ya upindo, akaupata mguu wa mama yake, ukiwa baridi. Kule barabarani, pumzi ikavutwa, ikakwama. Mapigo manne. Ikavutwa tena.

"Mama," akasema Laila kwa sauti, ili wa ndani asikie na wa nje asikie. "Nakuahidi wewe, siwaahidi wao. Maadamu kuna mahali duniani pumzi yako inachezwa, hata iwe kanda moja, kwenye kibanda kimoja, mimi sitakuwa mke wa mtu huyu."